Lori Likichemsha, Uliza Kwanza

Bila shaka umepata kuliona lori lililosimama kando ya barabara ya mlimani, kichwa kimeinamishwa mbele, mvuke unafoka, na utingo anakimbilia bondeni na dumu kutafuta maji. Wapita njia hutazama na kusema, "Limechemsha." Wakiisha kusema hivyo huenda zao, kana kwamba neno hilo limemaliza habari yote.

Lakini kusema lori limechemsha ni sawa na kusema mtoto ana homa. Homa si ugonjwa, ni dalili. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa kifua, yaweza kuwa jipu lililofichika. Mama mwenye busara hamnyweshi mtoto dawa ya kwanza anayoikuta kabatini. Humpeleka apimwe. Hivyo hivyo injini ya dizeli. Kuna mambo kumi yawezayo kuichemsha, na kila moja lina dawa yake na bei yake.

Naandika haya kwa sababu sisi wa kijijini kwetu tulilipia ugonjwa ambao lori letu halikuwa nao. Hilo ni la fedha, nalo lingesahaulika. Lakini pamoja na hayo tulimwachisha kazi dereva asiyekuwa na kosa, na barua ya kumwachisha niliiandika mimi.

LORI LETU

Kijiji chetu kipo nyanda za juu za Iringa. Lori letu ni la tani 10, lenye breki za upepo, nalo tulilinunua likuukuu kwa michango ya nyumba zote. Hupeleka mahindi na alizeti Morogoro, hata Dar es Salaam, na hurudi na mbolea, saruji, chumvi na mabati. Mama mjamzito akizidiwa usiku na gari la wagonjwa liko mbali, ni lori hilo hilo. Kwa hiyo likilala gereji, kijiji kizima hulala nalo.

Mimi ni karani wa parokia. Kwa kuwa nilisomea ualimu na mwandiko wangu husomeka, kamati ya kijiji ilinikabidhi daftari la lori. Kila safari dereva aliniletea hesabu zake: lita za dizeli, magunia, ushuru, na maji aliyoongeza kwenye rejeta na mahali alipoyaongeza. Niliyaandika yote kwa wino, safu kwa safu. Niliyaandika vizuri, lakini sikuyasoma.

JOTO LATOKA WAPI?

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewe injini inafanya nini. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kutengeneza injini ya namna hii mwaka 1897. Haina cheche ya kuwasha mafuta kama injini ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha dizeli hunyunyizwa ndani yake na kuwaka yenyewe.

Katika joto lote linalotoka katika dizeli, kama theluthi moja au zaidi kidogo ndiyo inayozungusha magurudumu. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi. Sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji. Maji hupita katika vijia vilivyozunguka silinda, husukumwa na pampu hadi kwenye rejeta, na huko feni na upepo wa njiani huyapoza. Kisha hurudi tena injini. Mzunguko huo ukikatika au ukilegea mahali popote, joto halina pa kwenda.

Katikati ya njia hiyo pana mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa ili ipate joto upesi. Ikifikia joto lake, kwa malori mengi kama nyuzi 82 hivi, mlango huanza kufunguka. Namba hiyo mara nyingi imepigwa chapa juu ya themostati yenyewe.

MFUNIKO SI KIZIBO TU

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Mfuniko wa rejeta si kama kizibo cha chupa. Ndani yake mna springi na vali mbili. Springi huzuia maji yasipumue mpaka presha ifike kiasi fulani. Tazama juu ya mfuniko, utaona namba, kwa mfano 0.9. Maana yake ni baa 0.9, yaani kama ratili 13 kwa kila inchi ya mraba.

Kwa nini tunayabana maji? Kwa sababu maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Pwani, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Huku kwetu, kwenye meta 1500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 tu, na ndiyo maana maharage yetu hukawia kuiva kuliko ya Bagamoyo. Lakini chini ya mfuniko mzima wa 0.9, maji ya rejeta huku kwetu hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 116.

Basi, mfuniko ukiwa na springi iliyochoka au mpira uliopasuka, lori litachemsha mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii. Ndio wa kwanza kutazamwa, na mara nyingi ndio unaotazamwa mwisho.

Vali ya pili hufanya kazi injini inapopoa. Maji yakisinyaa, vali huruhusu maji ya chupa ya akiba au hewa kurudi ndani. Ikikwama, asubuhi utakuta mpira wa rejeta umenywea kama titi la mbuzi aliyekamuliwa.

SIKU YA KITONGA

Mwaka juzi, msimu wa mahindi, lori letu lilikuwa likipanda Mlima Kitonga na shehena ya saruji. Wanaoijua barabara ya Morogoro kwenda Iringa wanakijua kipande hicho: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona. Geji ya joto ilipanda hadi alama nyekundu. Dereva akasimama.

Utingo wetu, kijana mwema lakini mwenye haraka, alipanda juu na kitambaa mkononi, akaushika mfuniko. Dereva alipiga kelele, "Acha, mwanangu!" Kijana alikuwa ameshauzungusha. Maji ya nyuzi zaidi ya 100, yaliyokuwa yamezuiwa na presha tu, yaligeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni na kifuani.

Namshukuru Mungu macho yake yalipona. Makovu ya shingo anayo hata leo.

Msomaji, hapa nakuomba usome taratibu, na wasomee watoto wako. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Ngoja nusu saa, na zaidi kama bado ni moto. Ubonyeze mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu, presha ingalimo. Ukilegea, funika mfuniko kwa gunia lililolowa, fungua robo ya mzunguko, sikiliza, ngoja pumzi iishe, ndipo uendelee. Na mtu akiungua, mwagie sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala asali. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati.

HUKUMU YA KWANZA

Lori lilivutwa hadi gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi wa pale alijaza maji, akawasha injini ikiwa baridi, akatazama kwenye shingo ya rejeta. Aliona viputo vinapanda mfululizo. Akashika mpira wa juu: ulikuwa umekuwa mgumu kabla injini haijapata joto. Akasema, "Gasketi ya silinda hedi imekwisha. Moshi unaingia kwenye maji."

Simsemi vibaya, kwa maana dalili hizo ni za kweli. Moto ndani ya silinda una presha ya zaidi ya baa 100, na maji yamebanwa kwa baa isiyofika moja. Gasketi ikitoboka, moshi huingia kwenye maji kwa nguvu. Ukiingia, hujaza rejeta hewa, husukuma maji nje kwa bomba la kumwagia, kiwango hupungua, pampu hushika hewa badala ya maji, na injini huchemsha. Maji humwagika kwanza, kuchemka hufuata. Wengi hufikiri ni kinyume chake.

Tulilipa. Silinda hedi ilifunguliwa, ikasawazishwa kwenye mashine, gasketi mpya ikawekwa. Kwa bei ya siku zile ilikuwa thamani ya magunia 30 ya mahindi. Lori likarudi. Baada ya safari mbili, likachemsha tena.

Kamati ikakutana. Mmoja akasema dereva analipakia kupita kiasi kwa faida yake. Mwingine akasema analiendesha kwa gia kubwa mlimani ili aokoe dizeli aiuze. Dereva, mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, alisimama akasema, "Wazee wangu, gari hili linakula maji hata likiteremka." Watu wakacheka. Nani amesikia lori likichemsha kwenye mteremko?

Siku ile ile nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Yeye akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake.

FUNDI AOMBA DAFTARI

Miezi miwili baadaye lori lilikuwa bado limelala, na kamati ilikuwa inataka kuchangisha tena kwa ajili ya injini nyingine. Padre alitushauri tumwite kwanza fundi mmoja mzee aliyestaafu, aliyetengeneza malori ya barabara kuu kwa miaka mingi. Alikuja na mfuko mdogo wa spana. Nilitegemea atafungua injini mara moja. Badala yake aliketi juu ya tairi, akasema, "Mwalimu, nasikia una daftari."

Nikamletea. Akavaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, kidole kikitembea kwenye safu ya maji. Kisha akaniuliza, "Hapa umeandika: Ruaha Mbuyuni, ndoo mbili. Walikuwa wanapanda au wanateremka?"

Nikasema walikuwa wanateremka kwenda Morogoro.

"Na hapa, ndoo mbili, Ruaha Mbuyuni. Wanateremka. Na hapa. Na hapa siku ya mnada, ndoo moja na nusu, njia tambarare, wanasimama kila mahali. Lakini hapa wamekimbia tambarare mfululizo bila kusimama, robo ya ndoo. Mwalimu, injini inayoteremka haifanyi kazi kubwa. Silinda zake hazina moto mwingi. Gasketi mbovu hutesa zaidi gari linapovuta mzigo. Kwa nini hili linapoteza maji zaidi linaposhuka?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililikuwa nalo kwa maandishi yangu mwenyewe, kurasa 40, na maneno ya dereva niliyasikia kwa masikio yangu.

NAMNA YA KUTAFUTA

Fundi hakukimbilia hitimisho. Alisema, "Anza na vitu vya bure, kisha vya bei ndogo, mwisho vya bei kubwa." Nakuandikia hapa utaratibu wake, upate kuukata na kuubandika ukutani.

Kwanza, macho na mikono, injini ikiwa baridi. Maji yamo? Mikanda imekaza, au imeng'aa na kulegea? Mipira imepasuka? Pampu ya maji ina alama ya unyevu chini yake? Rejeta upande wa mbele imezibwa na vumbi, majani na wadudu? Ikiwa imezibwa, ioshe kwa maji kutoka upande wa feni kwenda nje, wala si kwa nguvu ya kulaza mapezi yake.

Pili, uliza inachemsha lini. Ikichemsha ikiwa imesimama au inatambaa, shuku feni na mkanda wake. Ikichemsha kwenye mwendo na mzigo tu, shuku rejeta iliyoziba ndani, au maji yasiyotosha, au upakiaji na gia. Dereva anayepanda kwa gia kubwa huku injini inaguguma, pampu na feni vyake huzunguka polepole wakati joto ni kali. Gia ndogo huiokoa injini.

Tatu, gusa rejeta kwa uangalifu baada ya kuzima. Pakiwa na mabaka ya baridi katikati ya pale pa moto, vijia vya hapo vimeziba. Geji ikisema moto mkali huku rejeta yote ni baridi, themostati haifunguki. Itoe, itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipima joto, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Ikiwa mbovu, weka nyingine. Usiikate na kuitupa kama wengi wafanyavyo. Injini ya dizeli isiyopata joto lake hula mafuta na kuchakaa, na katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila kufika rejeta, ikachemsha zaidi.

Nne, jaribu presha. Fundi alitoa pampu ndogo ya mkono yenye geji, akaifunga mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi. Akapampu hadi 0.9, wala si zaidi, maana ukizidisha utapasua rejeta. Kisha tukangoja dakika kumi. Sindano ikishuka na pana tone nje, umeliona tundu. Sindano ikishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani ya injini: tazama kama oili imekuwa nyeupe kama uji, na kama moshi wa asubuhi ni mweupe usiokoma. Ya kwetu haikushuka. Mfuniko nao ukapimwa kwa pampu hiyo hiyo, ukaachia kwenye 0.9 kama ilivyoandikwa. Mzima.

Tano, viputo. Alijaza maji hadi shingoni, akafungua mkanda unaozungusha pampu ya maji ili maji yatulie, akawasha injini baridi kwa muda mfupi, si zaidi ya dakika moja au mbili, kwani bila pampu injini hupata moto upesi. Viputo vikaja, kama vile yule fundi wa kwanza alivyoviona. Kamati, iliyokuwa imesimama pale, ikaguna. Gasketi tena!

"Ngojeni," akasema mzee. "Kiputo ni hewa. Tuulize ni hewa ya nani."

HEWA YA NANI?

Akatoa kichupa chenye dawa ya rangi ya buluu na bomba la kioo. Hewa inayotoka kwenye rejeta hupitishwa ndani ya dawa hiyo. Ikiwa ni moshi wa silinda, gesi ya ukaa iliyomo huibadili rangi, buluu ikaenda kwenye kijani na njano. Alipitisha hewa ya rejeta yetu mara tatu. Dawa ikabaki buluu.

Basi haikuwa moshi. Ilikuwa hewa safi, kama hii tunayovuta. Hewa safi yenye nguvu itoke wapi ndani ya injini?

Msomaji, wewe huenda umeshafahamu. Lori la breki za upepo lina kompresa inayojaza mitungi ya breki. Kompresa hupata joto sana, kwa hiyo katika malori mengi nayo hupozwa na maji yale yale ya injini, kwa mabomba mawili madogo. Kompresa ina silinda yake, kichwa chake na gasketi yake ndogo. Upepo wa breki hufika kama baa 8, na maji yamebanwa kwa 0.9 tu. Gasketi hiyo ndogo ikitoboka, upepo wa breki huingia kwenye maji na kuyafukuza nje kama moshi ungalivyofanya.

Na kompresa hufanya kazi zaidi lini? Dereva anapotumia breki sana. Kwenye mteremko wa Kitonga. Siku ya mnada, kusimama na kuondoka. Katika njia tambarare bila kusimama, mitungi ikiisha kujaa, kompresa hupumzika, na maji yakatulia. Daftari lote lilikuwa linasema hivyo.

Mzee akafungua mabomba mawili ya maji ya kompresa, akayaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira, akawasha tena kwa muda mfupi. Maji shingoni yalitulia kama ya kisima. Hakuna kiputo hata kimoja.

Gasketi ya kompresa na kazi ya kuibadili vilitugharimu thamani ya magunia mawili.

BARUA YA PILI

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliandika barua nyingine, safari hii kabla sijaagizwa na mtu, nikaipeleka kwanza kwa mwenyekiti kutiwa sahihi. Kisha sote wawili tukaenda nyumbani kwa dereva. Tulimkuta shambani anapalilia na mkewe. Mwenyekiti akasema, "Ndugu yetu, tulikucheka, nawe ulisema kweli. Tumekuja kukuomba radhi."

Yeye akafuta jembe kwa majani, akauliza jambo moja tu: "Yule kijana shingo yake inaendeleaje?" Tukamwambia anapona. Akasema, "Basi hamna neno." Mkewe hakusema kitu. Alikuwa amevuka miezi miwili bila mshahara, na ada ya mtoto ilikuwa bado. Kamati ililipa miezi ile miwili. Mke aliporudi kusalimiana nasi kama zamani, ilikuwa baada ya mavuno.

Dereva alirudi kazini. Katika safari yake ya kwanza alipoteremka Kitonga alinipigia simu kutoka Ruaha Mbuyuni. "Mwalimu, andika: maji, hakuna."

TUFANYE NINI BASI?

Mwenye gari, kijiji, au chama chenye lori, shikeni haya machache.

Wekeni daftari, na mlisome. Maji yaliyoongezwa, mahali, mzigo, kupanda au kushuka. Daftari lisilosomwa ni karatasi za kufungia vitumbua.

Msitie maji ya chumvi au ya tope. Maji ya kisima yenye magadi huacha ukoko ndani ya injini kama ule wa birika. Tumieni maji yaliyosafishwa, au walau ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya rejeta iliyoshauriwa kwa injini hiyo. Dawa huzuia kutu na huzuia silinda za dizeli zisitobolewe kidogo kidogo na mtikisiko. Lakini angalieni: dawa nyingi za rejeta zina sumu, na ladha yake ni tamu. Msiiweke kwenye chupa ya soda, wala msiimwage mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kuilamba.

Geji ikipanda mlimani, punguza gia, punguza mwendo, simama mahali salama. Ikiwa maji yamo na mkanda unazunguka, iache injini iunguruma bila mzigo dakika chache, feni iipoze. Ikiwa maji yamemwagika au mkanda umekatika, zima mara moja. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, utapasua kichwa chake. Na usiiamini geji kupita kiasi: maji yakiisha kabisa, kipimo chake huweza kukaa katika mvuke na kuonyesha uongo.

Katika injini mpya zenye bomba moja la dizeli la presha kubwa kwa silinda zote, mtu asilegeze nati za mabomba hayo injini ikiwa inawaka. Dizeli ile ina presha ya zaidi ya baa 1000, hutoboa ngozi kama sindano.

Na kabla ya kulipa fedha ya michango ya watu, mwulize fundi maswali mawili: "Umejuaje?" na "Ni nini kingine kiwezacho kuleta dalili hii?" Fundi mwema hatakasirika. Wetu alifurahi kuulizwa.

Swali hilo la pili lamhusu pia mwanadamu. Lori lilipochemsha, jambo jepesi kwetu lilikuwa kumtazama aliyekaa kwenye usukani. Yeye ndiye tuliyemwona. Gasketi ya kompresa hatukuiona. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tuliisikia methali hiyo tangu utoto, tukaifundisha shuleni, na bado ilitugharimu magunia 30, shingo ya kijana, na miezi miwili ya mtu mwaminifu. Wewe uliyesoma haya, uyapate kwa bei ya gazeti.